Kwaresima ya Dume la Adalbert

Shemeji yangu Adalbert ni mfugaji. Msinicheke mimi, mcheke mwenyewe aliyejipa jina hilo. Kwenye ukuta wa kiwanja chake, ng'ambo ya uwanja wa ndege wa Luano, ametundika kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi ya bluu: "Ferme Adalbert et Fils", yaani Shamba la Mifugo la Adalbert na Wanawe wa Kiume. Hana mtoto wa kiume hata wa dawa. Ana binti mmoja tu, Chancelvie. Na hiyo "ferme", ukiingia ndani kuitafuta, ilikuwa nguruwe mmoja.

Nguruwe mmoja, tena dume! Mtu mwenye akili zake akitaka kufuga hununua jike, akangoja azae, akauza watoto. Hata mtoto anayecheza barabarani anajua hivyo. Lakini Adalbert alipoachishwa ukarani katika kampuni iliyokuwa ikipeleka vyakula migodini, akapewa malipo yake ya mwisho, alikwenda kununua nguruwe peke yake kwa sababu, alisema, wanawake wanaharibu bei. Dada yangu Nkandu, mke wake, alikuwa amemwomba alete majike mawili. Bwana akarudi na dume moja jeupe la mbegu ya Ulaya, limesimamisha masikio, na hakuna senti iliyobaki.

"Shemeki Falonne," aliniambia siku ile huku akijipangusa jasho, "yaya yako Nkandu anaonaka karibu tu. Jike inazala mara mbili mu mwaka. Dume moya anazalisha kartiye muzima!"

Kwa mdomo, hesabu ya kuzalisha mtaa mzima ilikwenda vizuri. Dume akapewa jina la Chef de Gare, kwa heshima ya marehemu baba yake Adalbert, aliyekuwa mkuu wa kituo cha reli kule kaskazini. Kama mzee angefurahi kuitiwa nguruwe, sijui. Hakuulizwa.

Biashara yenyewe huku kwetu inakwenda hivi. Mwenye jike haleti pesa. Dume akishapanda, jike akazaa, watoto wakaachishwa ziwa, mwenye dume anapewa mtoto mmoja. Ni desturi, na kila mtu anaiheshimu kwa namna yake. Maana anayechagua mtoto wa kutoa ni mwenye jike, na mimi sijawahi kuona mtu akichagua mnene. Adalbert alipewa vigofu, vilivyozaliwa mwisho, vyenye macho makubwa na tumbo la minyoo. Wengine walimwambia kwamba jike amelalia watoto wote, na huku harufu ya nyama ya kuchoma inatoka nyuma ya nyumba. Alikubali yote. Mtu mkubwa, alisema, haendi kuchungulia banda la jirani kuhesabu vitoto.

Na vile vichache vilivyonusurika havikufika sokoni. Kimoja alipewa mwalimu wa kwaya alipofiwa na mama yake. Kimoja kilikwenda kwenye ubatizo, maana Adalbert ni baba wa ubatizo wa nusu ya watoto wa parokia. Kimoja alipewa chef de quartier, mkuu wa mtaa wetu, bila sababu yoyote, ila kwamba alipita akasifu kile kibao. Nkandu akilalamika, bwana anamjibu kwa methali: "Mukono mutupu haulambwi." Ndiyo, haulambwi. Lakini wa kwake ulilambwa mpaka ukabaki mfupa, na walambaji hawakurudi hata kusema asante.

Wakati huo Chef de Gare anakula. Dume mzima wa mbegu ya Ulaya hali kidogo kwa aibu. Asubuhi ndoo ya pumba za mahindi, jioni ndoo nyingine, na majani, na mabaki, na dawa ya minyoo. Nani alilipa? Nkandu. Dada yangu anauza makala, mkaa wa kupikia, kando ya barabara ya Luano, uso mweusi kwa vumbi tangu alfajiri, na kila gunia alilouza lilipita tumboni mwa yule dume kabla halijafika kwenye sufuria. Mimi ni mshonaji, kiwanja changu kinapakana na chao, mashine yangu iko dirishani. Niliyaona yote haya nikiwa nimekaa, na yaliniudhi nikiwa nimekaa.

Na mfugaji mwenyewe? Asubuhi anaamka, anavaa shati lililopigwa pasi, anavuta kiti cha plastiki mpaka mbele ya banda, anakaa kifua mbele, uso kwa uso na nguruwe. Anamwamkia. Anamweleza habari za dunia. Upande wa mbele, wenye kichwa, masikio na heshima, ulikuwa wa Adalbert. Upande wa nyuma, wenye mavi, aliwaachia wanawake: Nkandu asubuhi kwa sepeto, Chancelvie jioni akitoka shule. Mwenye mali hakuingia bandani hata siku moja. Siku ya kazi, ni Nkandu aliyeshika kamba na kumwongoza dume, na Adalbert alisimama mbele akipokea pongezi.

Basi mwaka huu Chancelvie amefika mwisho wa shule. Ni finaliste, anangoja kufanya Exetat, mtihani wa taifa, na pesa za kuingia mtihani zilitakiwa mara tu baada ya Pasaka. Asiyelipa hafanyi, na mwaka wake umekwenda na maji. Nasema wazi, niliogopa. Msichana wa muuza makala akikaa nyumbani mwaka mmoja, mwaka wa pili unamkuta mezani pa makala na mtoto mgongoni. Nimewaona wengi, nimewashonea hata nguo za uzazi. Na Chancelvie ni mtoto anayesoma akipika, kitabu mkono mmoja, mwiko mkono mwingine.

Nkandu alimwambia mumewe mwezi wa kwanza. Nilikuwepo, nimeleta suruali yake niliyoitia kiraka.

"Papa Chancelvie," dada alisema kwa upole ambao mimi sina, "feza ya examen ya mutoto banaiomba nyuma ya Pâques. Makala haitafika. Tuuzishe huyu nguruwe."

Adalbert hakugeuza hata shingo. Alikuwa anamtazama Chef de Gare, mtaji wake.

"Kuuzisha nani? Mama, weye uko na kichwa kweli? Ile njo capital. Capital habaiuzishake."

"Na examen?"

"Tutaona mbele."

Tutaona mbele! Huo ndio wimbo wa wanaume wa mji huu. Kodi ya nyumba, tutaona mbele. Paa linavuja, tutaona mbele. Na hiyo "mbele" ikifika, anayeiona ni mwanamke.

Hata hivyo, shida haikuwa Adalbert peke yake. Nkandu alikwenda kimya kimya kwa mchinjaji wa sokoni, na mchinjaji akatikisa kichwa. "Mama, nyama ya dume inanukaka mukojo. Nikiiweka pa meza, bantu batakimbia. Umukate kwanza, umuache anenepe, njo uniletee. Pa Pâques nitakulipa muzuri."

Amkate, maana yake amhasi. Dada alirudi kwangu akakaa juu ya mabaki ya vitambaa. Nikamwuliza anangoja nini. Akasema, "Papa Chancelvie atamuona." Nikamwambia, "Atamuona wapi? Bwana yako anajua kichwa ya nguruwe tu."

Hapa lazima nieleze jambo moja, la sivyo mtadhani natunga. Adalbert ni Mkatoliki wa ukoo wa reli, mwanachama wa kwaya, sauti ya nne. Mwaka wa kwanza wa ufugaji wake, Ijumaa moja ya Kwaresima, waumini walikuwa wanapita na Njia ya Msalaba, na walipofika kwenye uzio wake wakamkuta Chef de Gare yuko kazini, tena kwa nguvu zote. Wana kwaya walipoteza sauti. Mama mmoja wa Legio, chama cha sala cha kanisani, alifunika macho kwa kitabu cha nyimbo, lakini kwa kuchelewa kidogo. Tangu siku hiyo Adalbert alitoa amri: Kwaresima nzima dume wake hapandi. "Mukristu haezi kufunga na nguruwe yake inafanya vile," alisema. Kwa hiyo kila mwaka, siku arobaini, dume alikula pumba za makala ya dada yangu bila kufanya kazi, na wenye majike walikwenda kutafuta madume ya watu wasio na dini kali. Mimi pia ni Mkatoliki. Sijasikia padri akihubiri kwamba nguruwe wanafunga, na huyu wa kwetu chakula hakukifunga hata siku moja.

Lakini mwaka huu, amri hiyo ya kijinga ndiyo iliyotufungulia mlango: kwa siku arobaini hakuna ambaye angemwita dume kazini, na huo ulikuwa muda wa kutosha wa kumkata na kumnenepesha.

Wiki ya Jumatano ya Majivu, Adalbert alikwenda Mokambo kununua pumba, kwa kuwa zikitoka upande wa Zambia zinapungua bei. Anaokoa kidogo kwenye gunia, halafu anakila chote kwa nauli na bia ya wenyeji wake. Alikaa huko wiki nzima. Jumatano, Nkandu alitoka misani na majivu kwenye paji la uso, akamkuta nyumbani Mwelwa, mzee anayehasi nguruwe huko barabara ya Mokambo, tuliyekuwa tumemwita, amekwisha fika na wembe wake na kikopo cha majivu ya kuzuia damu. Tulimfunga Chef de Gare kwa kamba miguu yote. Mimi nilikaa juu ya bega lake, Chancelvie alishika mguu wa nyuma, amefumba macho. Yule dume alipiga kelele za kuamsha wafu, lakini Mungu si Athumani, ndege ilikuwa inashuka Luano, na kelele zake zikamezwa na za ndege.

Kisha hofu ikaanza. Mnyama mzima akihasiwa anaweza kufa, kila mtu anajua, na Mwelwa alitwambia hivyo kabla ya kuondoka. Alhamisi hakula. Ijumaa hakula, akalala ubavu, anahema. Nkandu aliacha makala yake, akakaa bandani akimwagia maji, na hapo ndipo nilipomwona dada yangu analia.

"Falonne, akikufa, nitamuambia mutoto nini?"

Nilimwonea huruma, na nikamchukia Adalbert kwa moyo wangu wote, yeye na Mokambo yake. Jumamosi asubuhi Chef de Gare aliinuka, akanusa ndoo, akala. Chancelvie alipiga makofi kama mtoto mdogo.

Jumapili mfugaji akarudi. Alivuta kiti chake, akakaa mbele ya banda, akamtazama dume usoni kwa mapenzi. Tulisimama nyuma yake, mimi na Nkandu, tumeshikana mikono tukingoja radi ipige.

"Amekonda kidogo," Adalbert alisema. "Inaonekana alikuwa ananifikiri."

Ilinibidi nirudi kwangu nikacheke juu ya mashine.

Wiki zikapita. Msidhani tulificha kitu. Nguruwe hana suruali. Kila aliyepita upande wa nyuma aliona, na majirani walioona walinyamaza kwa raha zao. Adalbert peke yake ndiye aliyeendelea kukaa kwenye kiti. Dume akatulia, akaacha kuuma mbao, akajaa mgongo na mapaja. Mwenyewe akatoa darasa la Kwaresima kwa wapita njia. "Muone vile Carême inamufaa! Mwili inapumuzika. Ata bantu inafaa bafanye vile." Watu walimwitikia, "Ndiyo, fermier," wakavuka barabara wapate kucheka.

Mpango wetu ulikuwa mchinjaji aje Jumamosi Kuu jioni, wakati kwaya iko kanisani kwa mkesha. Lakini Ijumaa Kuu alifika Osée. Huyu ni mfanyabiashara wa vipuri vya magari, watu wake wametoka Kasai, anasali na walokole, na ana majike matatu yaliyonona. Jike mmoja alikuwa anataka dume siku hiyo hiyo.

"Nitakupa batoto babili," Osée alisema, "na utachagula weye mwenyewe."

Watoto wawili, wa kuchagua mwenyewe! Nilimwona Adalbert anapigana na dini yake, na dini ikaanguka raundi ya kwanza. "Carême inaisha kesho saa sita ya muchana," alitangaza. "Wazee ba kwetu ba reli njo balikuwaka banafanya vile."

Nkandu akageuka rangi. Alitaka kumwita mumewe pembeni amwambie yote. Mimi nilimfinya mkono. "Leka," nilimnong'oneza. "Aone mbele ya bantu." Kama ni dhambi, nitaiungama mwaka ujao, mwaka huu bado naifurahia.

Jumamosi saa saba tukaondoka. Adalbert mbele, shati jeupe, anasalimia kulia na kushoto. Nyuma yake Nkandu na Chancelvie na kamba, na Chef de Gare kati yao, anatembea taratibu kwa unene. Nyuma kabisa mimi, na nyuma yangu nusu ya mtaa. Sikuwaita. Habari ya namna hiyo haihitaji mwaliko.

Kwa Osée, jike alikuwa anapiga kelele na kuzungukazunguka. Adalbert alisimama katikati ya ua akaeleza mambo ya mbegu, ya Ulaya, ya subira. Kisha akaamuru dume aingizwe. Chef de Gare aliingia. Jike akamjia, akamsukuma kwa pua. Dume akampita, akaenda moja kwa moja kwenye chakula cha jike, akakimaliza, halafu akalala chini akafumba macho.

"Anajitayarisha," Adalbert alisema. "Race ya Ulaya habaiharakishake."

Watu wakaanza kujiuma midomo. Jike alimpanda yeye dume mgongoni, mara mbili, na dume hakufumbua hata jicho. Osée akainama, akachungulia, akainuka, akainama tena.

"Ndugu Adalbert," akasema, sauti inatetemeka, "kuya uone huku."

Adalbert akazunguka. Miaka mitatu ya ufugaji, na hiyo ndiyo safari yake ya kwanza kwenda upande wa nyuma. Akainama pale alipoinama Osée, akainuka.

"Nani alifanya hii?"

"Ni miye," Nkandu alisema.

"Wakati gani?"

"Jumatano ya Majivu."

Ua mzima ukalipuka. Watu wanajua kuhesabu Kwaresima. Osée alicheka mpaka akakaa juu ya tairi kuukuu, anajifuta machozi. Lakini mfanyabiashara ni mfanyabiashara: alipopata pumzi alimwendea nguruwe, akambonyeza mgongo, akambonyeza paja.

"Mama Chancelvie, huyu ni mafuta tupu. Kesho ni Pâques, niko na bageni. Unamuuzisha ngapi?"

Nkandu akataja bei ambayo singethubutu kuitaja mimi. Osée akapunguza kidogo, dada akakataa, Osée akakubali. Akatoa pesa mfukoni, akaanza kuhesabu.

Hapo Adalbert akapata sauti yake. "Mumeua capital yangu! Mbele ya bantu! Juu ya nini? Nani alikuwa na njala mu nyumba yangu?"

"Hapana njala," Nkandu alisema. "Ni juu ya Exetat."

"Exetat ya nani?"

"Papa Chancelvie. Ya Chancelvie."

Adalbert alimkodolea macho. Halikuwa jicho la hasira. Alikuwa anashangaa kweli, na hilo ndilo lililonichoma.

"Chancelvie? Si iko mu deuxième?"

Watu waliacha kucheka; huo mwaka wa pili mtoto aliuacha zamani. Osée alisimamisha vidole juu ya noti. Hakuna mtu aliyemtazama Adalbert, wote tulimtazama yule mtoto, na ningetoa chochote nisimwone uso wake ulivyokuwa.

"Niko finaliste, papa," alisema.

Mimi nilikuwa nimemwekea shemeji yangu maneno ya miaka mitatu. Utani wa shemeji unaruhusu mengi, na nilikuwa nimeyapanga yote, tangu kibao mpaka nguruwe. Niliyatafuta mdomoni, sikuyataka tena.

Chancelvie akapiga magoti, akafungua kamba kwenye mguu wa nguruwe, akaikunja vizuri mkononi. "Mama," akasema, "twende. Saa kumi niko na révision ya Exetat." Akatoka uani bila kugeuka. Nkandu akapokea pesa, akazifunga kwenye ncha ya kitenge chake, akamfuata binti yake, na mimi nikamfuata dada yangu. Hakuna aliyemwita Adalbert.